Git ya kawaida, bando la git au rsync: ipi inafaa ukiwa na laini ya nje inayosuasua

Wakuu, mtu akiniuliza atumie njia gani kutunza nakala ya kodi huria (open source) kwenye seva yake hapa nyumbani huwa simuulizi ana spidi gani. Namuuliza hivi: laini ikikatika kazi ikiwa imefika asilimia 80, unataka ikuachie nini mkononi? Kuna njia inakuachia sifuri, kuna njia inakuachia ile 80 yako salama, na kuna moja inakuachia kitu kinachoonekana kizima kumbe kimeoza ndani, na hii ya mwisho ndo mbaya kuliko zote maana utakuja kujua siku unayoihitaji.

Nieleze kwanza napotokea. Natunza seva moja Dar, wanaoitumia ni wanafunzi na madev wachache, ndani kuna ripo za git (hifadhi za kodi pamoja na historia yake) kama mia na kitu, kernel ya Linux ikiwemo, na vifurushi vya Debian vya mashine za maabara. Kwenye mkataba laini ni nzuri tu ila ikifika mchana watu wote wako hewani, ukivuta kitu cha Ulaya au Marekani unapata kilobaiti 200 kwa sekunde ukibahatika. Mei 12, 2024 mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipokatika kwa pamoja Tanzania nzima ikaonja joto ya jiwe, na ndo siku hizo nilizojua skripti zangu zipi ni za kweli na zipi zilikuwa zinaishi kwa bahati.

Afu kuna kitu watu wengi hawakijui, kwamba laini pana haimaanishi faili moja litashuka haraka. Paketi kutoka Dar kwenda Ulaya na kurudi inachukua kitu kama milisekunde 150 hadi 200, Marekani zaidi ya hapo. TCP, yaani kanuni inayobeba data mtandaoni, inatuma kiasi fulani afu inasubiri jibu la kwamba umepokea, kwa hiyo kama dirisha la kutuma ni kilobaiti 64 na safari ni milisekunde 200, hata ukiwa na laini ya giga hutazidi kilobaiti 320 kwa sekunde. Mifumo ya siku hizi inapanua dirisha yenyewe, sawa, ila paketi zikianza kupotea njiani linasinyaa tena. Na wale mnaosoma mahali kwamba washa BBR (njia ya kernel ya kuamua spidi ya kutuma) kwenye seva yako mambo yatanyooka, hiyo inasaidia upande UNAOTUMA. Ukiiwasha Dar wakati unayevuta ni wewe, hujafanya kitu, imekaa tu pale kama urembo. Itakuja kuwa na maana huko chini nikifika kwenye VPS, yaani seva ya kukodi mtandaoni.

Haya, tuanze na git yenyewe, yaani `git clone --mirror` mara ya kwanza (kunakili ripo nzima) na baada ya hapo `git fetch` (kuleta vipya) kwa cron, kile kipanga ratiba cha Linux.

Uzuri wake ni kwamba ukishavuka mlima wa kwanza, maisha ni rahisi. Kila fetch inaleta vipya tu, mara nyingi ni megabaiti chache, na laini ikikatika katikati ya fetch nakala yako ya jana inabaki vilevile, matawi hayasogezwi mpaka data yote imeingia na imehakikiwa. Kwa kazi ya kila siku hamna kinachoishinda.

Shida ni huo mlima wa kwanza. Clone ya git haiendelei ilipoishia, ni yote au hamna. Piga hesabu, ripo ya giga 3 kwa kilobaiti 200 kwa sekunde ni sekunde 15,000, yaani saa nne na dakika kumi bila laini kupepesuka hata mara moja. Mimi nimekaa nikaangalia namba zinapanda 79, 80, 81, afu kimya, afu `fatal: early EOF` na chini yake `fatal: index-pack failed`, na ukienda kuangalia folda unakuta halipo, git imejisafishia yenyewe kila kitu. Bando limeenda na hauna hata baiti moja ya kuonyesha.

Ukigugo hiyo error utakutana na ushauri wa kuongeza `http.postBuffer`. Achana nao jamani, hiyo ni ya wakati unapush (unapeleka kodi yako kule), kwenye clone haigusi chochote, sijui nani aliuanzisha ila umeenea kama uvumi wa mtaani.

Kinachosaidia kweli ni kupanda mlima kwa ngazi. Unaanza na `git clone --bare --depth 1 --no-single-branch`, unapata hali ya leo tu bila historia, afu unaingia ndani unapiga `git fetch --deepen=2000`, ikimaliza unapiga tena, na tena. Kila ngazi ikiisha imeisha, ikikatika unarudia ngazi hiyo moja sio ngazi zote. Mwisho `--unshallow`. Kumbuka clone ya bare (isiyo na folda la kufanyia kazi) haikuwekei mpangilio wa fetch, itabidi uuandike mwenyewe kwenye config. Jumla ya data inaweza kuzidi ile ya kuvuta yote kwa mpigo, na mpaka ufike mwisho usimpe mtu anwani ya ripo hiyo, maana anayekloni kutoka kwenye ripo isiyo na historia naye anapata isiyo na historia, na atakuja kukulaumu wewe.

Kuna wanaosema tumia `--filter=blob:none`, ni nyepesi sana. Nyepesi ndiyo, kwenye laptop yako. Kwenye seva ya nakala ni kujidanganya, kwa sababu vitu vilivyoachwa vitafuatwa nje pale vitakapohitajika, na siku mkongo umekatika ndo siku vitakapohitajika.

Kingine ambacho kimeniokolea data nyingi: `--mirror` inavuta KILA KITU, na ripo za GitHub zina rundo la `refs/pull/*`, yaani kila mtu aliyewahi kuomba badiliko lake liingizwe hata kama lilikataliwa miaka saba iliyopita. Kama hauhitaji hayo, weka `+refs/heads/*:refs/heads/*` na ya tagi basi. Kwenye miradi mikubwa utaona tofauti wewe mwenyewe.

Twende kwenye njia ya pili, bando la git. Sio lile unalonunua kwa nyota mia na arobaini na ngapi sijui reli, hili ni faili moja ambalo ndani yake kuna ripo nzima, linatengenezwa kwa `git bundle create linux.bundle --all`. Na kwa sababu ni faili la kawaida, ghafla zana zote za dunia zinakuwa upande wako: `wget -c` inaendelea ilipoishia, unaweza kulivuta usiku tu, unaweza kumwomba mtu aliye Nairobi au Oslo akulitie kwenye flashi. Likifika unapiga `git bundle verify`, unaliklon kama ripo ya kawaida, unabadilisha anwani ya origin iwe ile ya kweli, unafetch kilichoongezeka tangu litengenezwe. Nusu saa kazi imekwisha.

Kernel.org wanaweka bando la Linux tayari kwa ajili ya watu wenye laini kama zetu, na kwa kweli kama kuna ripo moja unayotaka na ndo hiyo, soma mpaka hapa inatosha, kaivute.

Ila miradi mingi haiweki bando. Kwa hiyo mimi nilichofanya ni kukodi kaVPS kadogo Ulaya, bei yake kwa mwezi haifiki nauli ya basi ya Dar kwenda Moshi. Kule kwenye VPS clone ya giga 3 ni dakika kadhaa tu. Inatengeneza bando, inalipa jina lenye tarehe, na seva ya Dar inalifuata kwa `rsync --partial` (rsync ni zana ya kunakili mafaili kati ya mashine) pole pole. Na hapa sasa ndo BBR inaingia, kwa sababu anayetuma ni VPS yangu na mimi ndo naiendesha: `sysctl net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr`, ipo kwenye kernel tangu 4.9 ya 2016. Kwenye laini inayopoteza paketi tofauti unaiona kwa macho, sio ya kutafuta kwa darubini.

Angalizo kuhusu jina lenye tarehe, msilipuuze. `wget -c` inaangalia ukubwa tu, inaomba baiti kuanzia pale ilipoishia. Kama jana umevuta nusu na usiku faili limetengenezwa upya kwa jina lilelile, leo utaunganisha nusu ya jana na nusu ya leo, unapata chotara. `verify` peke yake inasoma kichwa cha bando zaidi kuliko kiwiliwili, wakati mwingine itakuambia mambo safi na clone ndo itakuja kulia. Weka tarehe kwenye jina na faili la sha256sum (alama ya kuhakiki faili) pembeni, utalala usingizi.

Kwa hiyo kati ya git na bando hamna ugomvi: bando kwa mara ya kwanza, git kwa siku zote zinazofuata. Ugomvi upo kwa rsync.

Rsync imeanza 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na kwa kubeba mafaili kwenye laini mbovu hamna zana ninayoipenda kama hii. Inatuma sehemu zilizobadilika tu, ikikatika na umeweka `--partial` inaendelea, `--bwlimit` inaiambia isimalize laini ya ofisi nzima. Kwa vifurushi vya Debian, tarball, ISO, ndo yenyewe.

Lakini kuna watu wanaitumia kuvuta ripo za git zinazoishi, folda zima, `rsync -a` afu basi. Nilifanya hivyo pia mwanzoni. Ngoja nieleze kinachotokea, maana hapa ndo lile kundi la tatu, la kitu kinachoonekana kizima kumbe kimeoza. Rsync inaorodhesha mafolda na kuyabeba kwa mpangilio wa alfabeti. Ndani ya ripo, `objects` (data yenyewe) inakuja kabla ya `refs` (vielekezi vya matawi). Sasa kwa kilobaiti 200 kwa sekunde hizo objects zinachukua saa mbili. Ndani ya hizo saa mbili mtu kule amepush. Rsync inafika kwenye refs, inabeba refs MPYA, ambazo zinaelekeza kwenye objects ambazo hukuzibeba kwa sababu zamu yake ilishapita. Rsync inamaliza, haina error, cron iko kimya, mwanafunzi anakloni anaambiwa `bad object`. Kwenye laini ya kasi hilo dirisha ni sekunde chache kwa hiyo wenzetu hawaliongelei sana. Sisi dirisha letu lina upana wa saa mbili.

Na hata ule ujanja wa kutuma kilichobadilika hausaidii, kwa sababu git ikijipanga upya inatengeneza pack (faili linalobana objects pamoja) yenye jina jipya, rsync inaona ni faili geni, inalibeba lote kuanzia mwanzo. Giga 3 tena. Kwa git, tumieni git.

Kwenye vifurushi nako rsync ina mtego wa aina hiyohiyo ila umeshapatiwa dawa. Ukibeba orodha za Debian kabla ya vifurushi vyenyewe, kwa masaa kadhaa watumiaji wako wataona toleo jipya lipo na wakilivuta wanapata 404, yaani faili halipo. Dawa ni kwenda kwa awamu mbili: awamu ya kwanza unabeba `pool` bila kufuta kitu, ya pili unabeba `dists` na ndo unafuta vya zamani. Msiandike skripti yenu, chukueni `ftpsync` ya Debian wenyewe, inafanya hivyo na inaacha faili kwenye `project/trace` linaloonyesha mara ya mwisho kusawazisha ilikuwa lini. Ile `Hash Sum mismatch` iliyotutesa miaka ile nayo imepungua sana tangu apt (zana ya Debian ya kuweka vifurushi) ianze kutumia `by-hash`, yaani kuita orodha kwa alama yake.

Ila angalia `Valid-Until`. Baadhi ya mafaili ya Release ya Debian (orodha kuu ya kila toleo), hasa la security, yana tarehe ya kuisha, kama wiki moja hivi. Mkongo ukikatika siku kumi nakala yako imekaa vizuri haijaoza wala nini, na mashine zote zinaikataa, zinasema Release imepitwa na wakati. Ni ulinzi halali, ili mtu asikulishe orodha ya zamani yenye matundu, ila ukiwa haujui utahangaika siku nzima ukidhani seva imeharibika. Mimi nimehangaika.

Mbili za haraka. Gitea na Forgejo (tovuti za git unazojiwekea mwenyewe) zina mira (nakala inayojisawazisha) ya kubofya tu, unaweka anwani inajisawazisha kila masaa 8, nzuri sana kwa timu isiyotaka kugusa terminal, ila muda wa kusubiri kwenye clone na mira umewekwa sekunde 300, na kwenye laini zetu dakika tano hazitoshi hata kuhesabu objects. Ingia `app.ini`, sehemu ya `[git.timeout]`, weka 14400 au zaidi, au tumia bando kwanza. Na `apt-cacher-ng`, ile ya port 3142: sio nakala, ni stoo, inatunza kilichowahi kuombwa. Ofisi ya mashine 15 inatosha kabisa na haihitaji diski ya terabaiti, ila laini ikikatika utapata kilekile ambacho mwenzako alishakivuta, zaidi ya hapo hamna. Kusema ukweli ofisi nyingi ninazoziona zinatafuta nakala nzima ya Debian zingetosheka na hii.

Sasa kuna mambo mawili yanayoua nakala hata kama umechagua njia sahihi.

La kwanza ni cron kupishana. Niliweka fetch kila saa moja, jioni moja laini ikawa nzito, fetch ya saa kumi haijaisha ya saa kumi na moja imeanza, ya kumi na mbili nayo hiyo, nikakuta michakato tisa inagombania kilobaiti 200, hamna hata mmoja unaofika. Weka `flock -n` (kufuli la kuzuia kazi ileile isianze mara mbili) mbele ya amri na hilo limekwisha, ila ukiishia hapo utapata shida ya upande wa pili: laini haijakatika bali imeganda, fetch imekaa inasubiri milele na imeshika kufuli, wiki nzima hamna kinachosawazishwa. Kwa git weka `http.lowSpeedLimit` 1000 na `http.lowSpeedTime` 120, kwa rsync weka `--timeout=300`. Bora ife ijaribu tena.

La pili ni kwamba nakala inaiga hata ajali. Machi 2013 mradi wa KDE ulikaribia kupoteza ripo zao zote za git, kama 1,500 hivi. Seva mama ilizimwa kwa ajili ya masasisho, ilipowaka mfumo wake wa mafaili ukawa umeharibika, na seva za nakala zikafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa: zikanakili uharibifu. Waliokolewa na mashine moja iliyobaki na nakala safi. Yaani walikuwa na nakala kibao na bado ilibaki kidogo.

Yangu ilikuwa ndogo ila ya ukoo huohuo. Chanzo kimoja nilichokuwa navuta kwa rsync diski yao haikupanda baada ya kuwashwa upya, folda likaonekana tupu, na mimi nina `--delete`. Rsync haikuona kosa lolote, folda tupu ni folda halali, ikaanza kufuta ya kwangu ili zifanane. Niliamka asubuhi nikakuta giga 400 zimeyeyuka, na kuzirudisha kwa laini yetu fanya hesabu mwenyewe, mimi sitaki kuikumbuka. Tangu siku hiyo `--max-delete=500` iko kwenye kila skripti, ikishafika hapo inaacha kufuta na skripti inanitumia barua pepe.

Upande wa git kitu kinachofanana ni mtu kule juu kupush kwa nguvu na kufuta historia. Fetch yako itafuata, matawi yatasogezwa, na komiti za zamani zitabaki hazina mwenyewe mpaka `git gc` izifagie baada ya wiki mbili. Kwenye ripo ya bare reflog (kumbukumbu ya matawi yalikopita) haiwashwi yenyewe kwa hiyo hata pa kuanzia kuzitafuta ni shida. Weka `gc.pruneExpire never`, diski ni rahisi kuliko mkongo. Washa na `transfer.fsckObjects true` ili uchafu ukataliwe mlangoni, na mara moja kwa wiki `git fsck` usiku, inakula CPU lakini haili bando.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa sasa hivi ni huu: ripo kubwa zimeingia kwa bando kupitia VPS, baada ya hapo fetch kila masaa manne na flock, Debian ni ftpsync usiku, amd64 tu, hamna haja ya kubeba usanifu wa mashine ambazo hatuna, na kila Jumapili bando jipya la ripo kumi muhimu linaenda kwenye diski ya nje ambayo haijaunganishwa na cron yoyote, naichomoa kwa mkono naiweka droo. Mtu mwenye ripo mbili tatu asijisumbue na VPS, apande kwa `--deepen` usiku wa manane atafika. Mwenye ripo mamia aangalie grokmirror, ile wanayotumia kernel.org, inasoma orodha moja kujua ripo zipi zimebadilika badala ya kugonga mlango wa kila ripo, na kwa safari za milisekunde 200 kwenda na kurudi, kugonga milango mia tatu ambayo haina kitu ni dakika nyingi za bure.

Kama una laini ya Starlink au faiba inayokatika mara moja kwa mwezi, nusu ya haya hayakuhusu, piga `git clone --mirror` ulale. Weka tu hiyo `--max-delete`.